Uyoga katika chakula cha kuku wa nyama: faida yake na mipaka yake



Wanachama wengi wanaoishi katika kambi za mashamba ya miwa, chai na kahawa hapa Uganda hufuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Wengine wamejifunza pia kulima uyoga kwa makapi ya kahawa, maganda ya mbegu za pamba au makapi ya miwa. Sasa yapo maneno yanayozunguka kambini kwamba uyoga ukitiwa katika chakula cha kuku, kuku hukua upesi, hawaugui, na hakuna haja tena ya chanjo wala dawa. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na yana hatari ndani yake. Tumeona ni wajibu wa ukurasa huu kuyatenganisha, kwa sababu anayepoteza vifaranga 100 kambini hupoteza mshahara wa miezi, na hakuna wa kumlipa.

Habari hii ilianzia wapi

Kwa miaka mingi viwanda vya chakula cha kuku duniani vilikuwa vikitia dawa za antibiotiki katika chakula, hata kwa kuku wazima. Jambo hilo lilianza Marekani. Mwaka 1948 Thomas Jukes na Robert Stokstad, wataalamu wa kampuni ya Lederle, walikuwa wakitafuta vitamini B12. Waliwalisha vifaranga mabaki yaliyotoka katika utengenezaji wa dawa iitwayo aureomycin, wakaona vifaranga wanakua kupita matazamio. Tangu hapo dawa ikawa sehemu ya chakula, kwa dozi ndogo, kila siku.

Ubaya wake ulionekana baadaye. Vijidudu vya magonjwa vikionjeshwa dawa kidogo kidogo kila siku huizoea. Vikishaizoea, dawa ile haimponyi kuku, na inaweza kushindwa kumponya hata mtu. Sweden ilikataza matumizi hayo mwaka 1986. Nchi zote za Jumuiya ya Ulaya ziliyakataza kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Hapo wataalamu wakaanza kutafuta vitu vingine vya kumsaidia kuku kukua na kustahimili magonjwa: vitunguu saumu, mimea ya harufu, hamira, na uyoga unaoliwa.

Kilichomo ndani ya uyoga

Uyoga mbichi ni maji matupu, karibu sehemu 9 katika 10. Ndiyo maana kilo 10 za uyoga mbichi zikikaushwa hubaki kilo 1 tu. Katika hiyo kilo moja mna protini, nyuzinyuzi, madini, na kitu ambacho wataalamu hukiita beta-glukani. Beta-glukani ni aina ya wanga uliomo katika ukuta wa chembe za uyoga. Haumlishi kuku kama wanga wa mahindi. Kazi yake ni kuzishtua askari za mwili zilizomo katika utumbo, zikae macho kabla adui hajaingia. Tena nyuzinyuzi za uyoga huwa chakula cha vijidudu vyema vinavyoishi utumboni, navyo vikiongezeka huwabana vijidudu vibaya.

Majaribio yamefanywa. Watafiti wa Ugiriki walitia unga wa uyoga mweupe wa vifungo, uitwao Agaricus bisporus, katika chakula cha kuku wa nyama, kwa kiasi cha gramu 10 na gramu 20 kwa kila kilo ya chakula. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2010 na baadaye yalionyesha kuku wakikua vizuri zaidi, hasa kwa gramu 20. Huko Uholanzi, mwaka 2004, watafiti walitoa majibu ya majaribio ya maji yaliyokamuliwa katika uyoga, wakiwapa kuku walioambukizwa koksidiosisi, yaani ugonjwa wa kuhara damu. Waliona kwamba uyoga ulifaa zaidi ulipoambatana na chanjo. Neno hilo wanachama walishike: ulisaidia chanjo, haukuchukua nafasi yake.

Yapo pia majaribio ambayo kuku waliokula uyoga hawakuzidi wenzao. Mara nyingi ni pale ambapo banda lilikuwa safi, chakula kizuri na hakuna ugonjwa. Na kiasi kilipozidishwa sana, uzito ulipungua badala ya kuongezeka. Kwa hiyo yafaa tuseme hivi: uyoga ni kiungo kidogo cha kusaidia. Chakula chenyewe ni kitu kingine.

Mambo matatu ambayo uyoga hauwezi

Kwanza, uyoga hauwezi kuchukua nafasi ya soya, mashudu au mukene. Kifaranga wa nyama katika wiki za mwanzo anahitaji chakula chenye protini ya sehemu 22 hivi katika 100. Mtu akisikia kwamba uyoga mkavu una protini nyingi, anaweza kudhani amepata mukene wa bure. Lakini sehemu ya kile kinachohesabiwa kuwa protini katika uyoga imo katika kitini, kitu kigumu kama gamba la mdudu, na hakimjengi kuku nyama.

Pili, uyoga hauwezi kuchukua nafasi ya vitamini za kuku. Uyoga ukianikwa juani hutengeneza vitamini D2. Mwanadamu huitumia vizuri, basi ni vema sisi wenyewe kula uyoga ulioanikwa. Kuku ni tofauti. Mwili wake hauitumii D2 ipasavyo, unataka D3. Ukiacha kutia vitamini za dukani kwa kuamini uyoga, vifaranga waliofungiwa ndani watapata mifupa laini, na miguu itapinda wakiwa na wiki 3 au 4.

Tatu, uyoga hauwezi kuchukua nafasi ya chanjo. Mdondo ukiingia katika banda lisilochanjwa unaweza kumaliza kuku wote kwa siku chache. Gumboro nayo haina dawa. Uyoga hauzuii hata mmoja wa magonjwa haya. Yeyote anayekuuzia uyoga akikwambia uache chanjo, anakuuzia hasara. Mfuate bwana mifugo wa eneo lako kwa ratiba ya chanjo, na uiandike ukutani.

Namna ya kuutumia

Aina inayofaa ni uyoga unaolimwa kwa mbegu zinazojulikana. Hapa kwetu uliozoeleka ni ule wa kijivu au mweupe wenye umbo la sikio, uitwao Pleurotus. Wenzetu wa Tanzania huuita mamama. Usiokote uyoga wa porini kwa ajili ya kuku. Upo uyoga wa porini unaoua, na sumu yake haiondoki kwa kukaushwa wala kwa kupikwa.

Chukua mabua, vipande vilivyovunjika, na uyoga mdogo usio na soko. Uoshe haraka, uukate vipande vyembamba, uanike juu ya kichanja au chekeche, juu ya ardhi, penye jua na upepo. Uondoe usiku usipate umande. Ukiwa tayari, kipande hukatika kwa mlio kikipindwa. Kikinama bado kina maji. Twanga kinuni, chekecha, kisha utie katika debe kavu lenye kifuniko cha kubana.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 10 kwa kilo moja ya chakula, yaani nusu kilo ya unga wa uyoga kwa gunia la kilo 50. Usizidishe gramu 20, yaani kilo moja kwa gunia. Usimwage unga wote katika gunia kwa mara moja. Changanya kwanza nusu kilo ya uyoga na kilo 2 za chakula katika beseni, kisha mchanganyiko huo uuchanganye na kilo 10, kisha na gunia zima. Bila hivyo kuku mmoja atapata uyoga mwingi na mwingine atakosa. Sisi twashauri kuanza wiki ya pili, vifaranga wakisha kuzoea chakula na maji.

Uyoga si ukungu

Hapa yafaa tukaze neno. Uyoga na ukungu ni ndugu wa ukoo mmoja, na kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba mahindi yenye ukungu ni sawa tu kwa kuku. Hapana. Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini la kuku na la mtu. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Mwaka 2004, jirani zetu wa mashariki mwa Kenya walikula mahindi yaliyoota ukungu, na watu 125 wakafa.

Kwa hiyo unga wa uyoga ukiota vumbi la kijani au jeusi, au ukitoa harufu ya uvundo, utupe. Vilevile usiwape vifaranga yale makapi yaliyokwisha kuotesha uyoga. Ni nyuzi ngumu, kuku hana tumbo la ng'ombe la kuzimeng'enya, na mara nyingi yameshaota ukungu wa kijani. Yapeleke shambani yawe mbolea.

Hesabu kabla ya kuamini

Kuku mmoja wa nyama, mpaka afikie kilo 2, hula kilo 3 na nusu hadi 4 za chakula. Kuku 100 watakula karibu kilo 400, yaani magunia 8. Kwa kipimo cha gramu 10, wanahitaji kilo 4 za unga wa uyoga, nazo zatokana na kilo 40 za uyoga mbichi. Kwa kila kuku ni gramu 400 za uyoga mbichi. Gramu 400 ni mboga ya familia kwa usiku mmoja.

Sasa pima mwenyewe. Ukichukua uyoga mzuri wa kuuza ukampa kuku, umemlisha kuku mboga ya watoto au fedha ya sokoni. Uyoga mzuri uliwe au uuzwe. Mabua na vipande, ambavyo vingetupwa, ndivyo vya kuku. Na kwa kuwa mlimaji mmoja hana kilo 40 za mabua, kazi hii ni ya kikundi. Walimaji 6 au 7 wa tawi moja wakiweka mabua yao pamoja, wanaweza kulisha banda moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena msiamini kwa masikio. Jaribuni. Gawanyeni vifaranga 40 wa siku moja na wa mahali pamoja katika makundi mawili ya 20. Nyumba iwe moja, maji mamoja, chanjo moja, chakula kimoja. Tofauti iwe uyoga tu. Andikeni kila siku kilo za chakula, na mwisho pimeni kuku kwa mizani.

Hizi ni hesabu za mfano. Kundi la kwanza lisilo na uyoga limekula kilo 76 na kufikisha uzito wa kilo 38. Gawanya 76 kwa 38, unapata 2: kilo 2 za chakula kwa kilo 1 ya kuku. Kundi la pili lenye uyoga limekula kilo 76 na kufikisha kilo 40. Gawanya, unapata 1.9. Uyoga umeleta kilo 2 za kuku. Umetumia karibu robo tatu ya kilo ya unga, yaani kilo 7 na nusu za uyoga mbichi. Kama yalikuwa mabua ya kutupwa, mmepata faida. Kama ulikuwa uyoga wa kuuza, ulizeni bei ya soko: kilo 7 na nusu za uyoga ni shilingi ngapi, na kilo 2 za kuku ni ngapi? Jibu litawaambia la kufanya. Na kama makundi yote mawili yametoka sawa, msione haya kulitangaza hilo, kwa sababu mtakuwa mmewaokolea wenzenu kazi.

Afya ya anayelima

Vumbi jeupe linaloonekana asubuhi katika chumba cha uyoga ni mbegu zake. Uyoga wa Pleurotus hutoa vumbi hilo kwa wingi. Mtu akilivuta siku nyingi anaweza kupata homa, kikohozi na kubanwa kifua kila atokapo chumbani, na mapafu yakaharibika polepole. Makapi makavu ya miwa yaliyoota ukungu huleta ugonjwa wa namna hiyo hiyo, na wafanyakazi wa viwanda vya sukari wanapaswa kuujua. Basi vuneni uyoga kabla kingo zake hazijanyooka na kuanza kupinda juu, fungueni madirisha kabla ya kuingia, lowesheni makapi kabla ya kuyageuza, na mfunge kitambaa puani. Uyoga usilimwe katika chumba wanacholala watoto. Mwenye kikohozi kisichokwisha aende kwa mganga wa zahanati na amwambie kazi anayoifanya.

Makapi ni mali ya nani

Jambo hili limewaponza watu. Makapi ya miwa yakirundikana nje ya kiwanda huonekana kama takataka, lakini viwanda vya sukari huyachoma katika boila kupata mvuke na umeme, na viwanda vingine huuza umeme huo. Kwa hiyo machoni pa mwajiri makapi ni mali. Mfanyakazi akikutwa langoni na gunia la makapi bila ruhusa, anaweza kufukuzwa kwa wizi, akapoteza kazi ya miaka 15 kwa ajili ya gunia moja. Msichukue kwa siri. Tawi liandike barua, liombe idadi ya magunia kwa mwezi, na ruhusa itolewe kwa maandishi yenye sahihi, jina la kikundi na siku ya kuchukua. Nakala moja ibaki kwa katibu wa tawi na nyingine kwa mlinzi wa lango. Kadhalika ulizeni kwanza kanuni za nyumba za kambi kuhusu mabanda, msije mkajengewa kesi.

Tena tukumbuke kwamba miongoni mwetu wapo ndugu wa ukoo wa Butiko wa Buganda, ambao mwiko wao ni uyoga. Kikundi kisimlazimishe mtu kuula wala kumcheka, na kuku waliolishwa uyoga waelezwe hivyo kwa wanunuzi.

Neno la chama

Wapo mabwana wanaofurahi kusikia wafanyakazi wanafuga na kulima. Husema: "Mnaona, mnaweza kujitegemea; ya nini kudai nyongeza?" Jibu letu liwe wazi. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kutengeneza utaratibu mpya, lakini haukutiwa sahihi kuwa sheria. Mfanyakazi anayeamka saa kumi alfajiri kulisha kuku kabla ya kwenda kukata miwa hafanyi hivyo kwa sababu mshahara unamtosha. Kuku ni jasho lake la pili. Jasho la kwanza lina mdaiwa wake, na deni hilo litadaiwa mezani, katika mkataba wa pamoja.

Basi matawi yanayotaka kujaribu yafanye hivi: yateue watu 2 wa kuandika hesabu, yaanze na vifaranga 40 tu, yachanje kwa ratiba, na yatuletee karatasi ya hesabu kuku wakisha kuuzwa. Tunataka kilo za chakula, kilo za kuku, idadi ya waliokufa na kilo za uyoga. Tutazisoma hesabu hizo katika mkutano wa wawakilishi wa matawi, zikiwa nzuri au mbaya, ili tawi jingine lisianze gizani.

Umoja ni nguvu.